Wakubwa wana tamthilia za Kiswahili, watoto wetu wana nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Hivi karibuni msomaji mwenzetu aliandika katika ukurasa huu kwamba watoto wa siku hizi wanaharibiwa na katuni za kigeni, akataka zipigwe marufuku. Barua yake niliisoma nikairudia, maana uchungu alionao hata mimi ninao. Mimi ni fundi wa televisheni na simu hapa Lindi mjini, na wanayotazama watoto yanapita mezani kwangu kila siku ya kazi. Lakini kwamba ubaya wake ni kutoka nje, hapo sikubaliani naye hata kidogo. Katuni iliyonikuza mimi ilitoka Japani, ikapitia kwa Waarabu, ndipo ikatua Rahaleo, mtaani kwetu hapa Lindi.

Vijana wengi hawajui hali ilivyokuwa. ITV ilianza kurusha matangazo Dar es Salaam mwaka 1994, lakini huku kwetu Kusini, bila ungo uliambulia chenga tu. Na ungo wa wakati huo si hiki kisahani cha kufunga ukutani. Ulikuwa wa wavu, mkubwa, umesimikwa uani kwa zege, na kuugeuza kutafuta mawimbi ilikuwa kazi ya watu wawili: mmoja nje ameushika, mwingine dirishani anapaza sauti, "Bado, bado, hapo hapo!" Mtaani kwetu ulikuwapo mmoja, kwa mzee mmoja mwenye jahazi. Sebuleni kwake ilikaa TV ya chogo, inchi 14. Umeme wa Lindi ulikuwa wa jenereta za dizeli, unakatika saa yoyote, kwa hiyo kuiona katuni kuanzia mwanzo hadi mwisho ilikuwa bahati. Nadhani ndiyo sababu nakumbuka kila nilichojaliwa kukiona. Hata mapenzi yangu kwa kazi hii ya ufundi yalianzia chini ya ungo ule.

Katuni yenyewe ni ile ya mpira. Waarabu walimwita kijana yule Captain Majid. Baadaye sana, nikiwa na simu yenye intaneti, ndipo nilipojua kwamba kwao Japani anaitwa Tsubasa Ozora, kwamba mchoraji Yoichi Takahashi alianza kumchora katika jarida mwaka 1981, na kwamba katuni ya televisheni ilianza 1983 ikaenda hadi sehemu ya 128. Kumbe ilipotufikia sisi ilikuwa imeshamaliza safari yake kwao. Hatukujua, na tungejua isingetupunguzia kitu.

Watoto tulikaa kwenye mkeka, wadogo mbele, wakubwa nyuma, na aliyetoka baharini na mchanga wake alibaki mlangoni. Kiarabu hatukukijua. Tulikuwa na kile cha chuoni, cha kusoma juzuu, ambacho hakimsaidii mtu kujua beki anamwambia nini kipa. Aliyetuokoa ni dada yake mwenye nyumba, aliyekuwa ameishi Maskati miaka mingi kabla ya kurudi. Watoto wote tulimwita Shangazi. Yeye alikaa kwenye mbuzi yake ya kukunia nazi, pale kati ya sebule na ua, anakuna huku anasikiliza, na kila baada ya muda anatutupia maneno: "Anasema mguu unamuuma lakini hatoki." "Anamwambia, ukirudi Brazili nichukue na mimi." Hakutafsiri kila kitu. Alitupa kile alichoona tunakihitaji, yaliyobaki tukajaza wenyewe. Mambo yalipokuwa mazito, mbuzi ilinyamaza. Hapo hata aliyekuwa akimchokoza mwenzake aliacha, maana kama Shangazi ameshika kizio cha nazi mkononi na hakuni, basi kuna mtu analia au kuna mtu anakaribia kufunga.

Wasichana walikuwa na yao, ile ya Heidi, mtoto yatima anayelelewa na babu yake milimani Uswisi. Nayo ni ya Wajapani, ya mwaka 1974, imeongozwa na Isao Takahata. Sisi wavulana tulijifanya haituhusu, lakini hakuna aliyenyanyuka mkekani. Nakumbuka yule babu akiyeyusha jibini kwenye moto na kuipaka kwenye mkate, na sote tukimgeukia Shangazi kwa pamoja kuuliza ni kitu gani kile. Akasema ni maziwa yaliyogandishwa mpaka yakawa magumu. Kwa wiki nzima wasichana wa mtaa ule walipika jibini la udongo.

Tukirudi kwa Majid, hadithi ile ilikuwa na mambo ambayo mtoto wa Lindi aliyaelewa bila kuelezwa. Kuna mpinzani wake mwenye shuti kali, Waarabu walimwita Bassam, kwa Kijapani Kojiro Hyuga. Baba yake amekufa, mama anahangaika, wadogo zake wanamtegemea, na yeye anafanya vibarua huku anacheza mpira. Nilikuwa na rafiki ambaye baba yake alifia baharini, na alfajiri aliuza vitumbua vya mama yake stendi kabla ya kengele ya shule. Tulipocheza, kila mtu aligombania kuwa Majid. Yeye siku zote alichagua kuwa Bassam, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kuna mchezaji mwingine mwenye kipaji cha ajabu, ana ugonjwa wa moyo, mechi nzima haimudu. Kuna yule Mbrazili anayemfundisha Majid, alikuwa mchezaji mkubwa, macho yakaharibika akaacha mpira. Kufiwa, kuugua, kushindwa, yote yalikuwamo, na tuliyatazama tukiwa pamoja, mtu mzima yupo hatua chache kutoka tulipokaa.

Tena iliendelea. Hilo ndilo ninaloomba wasomaji walishike. Mechi moja ilichukua siku kadhaa. Uwanja ulikuwa mrefu hata goli likawa linachomoza taratibu mbele ya anayekimbia, na shuti lililopigwa leo liliweza kufika golini kesho. Na kati ya leo na kesho tulikuwa na kazi. Maji yakitoka, ufukweni mchanga ukabaki mgumu, tulicheza chandimu kwa mpira wa mifuko ya nailoni iliyofungwa kamba, tunajaribu ile tikitaka ya Majid na kuangukia mgongo, tunabishana: itaingia au haitaingia? Moyo utamruhusu kumaliza kipindi cha pili au hautamruhusu? Aliyeikosa ya jana kwa sababu alitumwa dukani alisimuliwa na wengine, na kila msimuliaji aliongeza la kwake. Mpaka leo, watu wa kundi lile akianza mmoja kueleza jambo msibani au harusini, wengine wanasogeza viti.

Wala si sisi tu wa Lindi. Fernando Torres, aliyetwaa Kombe la Dunia na Uhispania mwaka 2010, ameeleza kwamba katuni hiyo hiyo ndiyo iliyomsukuma kuucheza mpira. Japani wenyewe walikuwa hawajawahi kufika fainali za Kombe la Dunia wakati inaanza kuonyeshwa. Walifika mwaka 1998 na hawajakosa tena tangu hapo. Sisemi katuni ndiyo iliyowafikisha. Nasema mtoto akipewa hadithi nzuri haulizi imetoka nchi gani.

Sasa nieleze ninachokiona leo.

Simu nyingi ninazoletewa kubadilisha kioo zimeangushwa na watoto. Nikishafunga kioo kipya lazima nijaribu mguso na sauti, na mara nyingi simu inafunguka pale pale mtoto alipoiachia. Ninayoyakuta ni haya. Mikono ya mtu asiyeonekana uso inafungua mayai ya plastiki yenye midoli ndani, moja baada ya jingine. Magari yanatumbukia kwenye pipa la rangi na kutoka yakiwa na rangi nyingine. Paka aliyetengenezwa na kompyuta ana mimba, analia, ananyeshewa mvua, kisha anakuja paka mwingine ananyeshewa mvua ile ile. Nyimbo za Kiingereza zinazunguka bila kikomo. Sijakuta humo mtu anayetaka kitu, akakikosa, akajaribu tena. Hakuna kinachoahirishwa hadi kesho. Video ikiisha nyingine inajianzisha yenyewe, na iliyochaguliwa imechaguliwa na mashine kwa kupima hasa jambo hili: nini kilimfanya mtoto huyu asibandue macho jana.

Mteja wangu mmoja, mama wa mtoto wa miaka minne, aliniambia kwamba mwanawe akinyang'anywa simu analia kama amechapwa, lakini ukimuuliza alikuwa anatazama nini, hana la kukueleza. Maneno hayo yamenikaa. Sisi tungeweza kukusimulia Captain Majid kutoka Rahaleo mpaka Mitwero kwa miguu na tukafika hatujamaliza.

Wazazi wakiniuliza wafanyeje, nawaonyesha kitufe cha kuzuia video inayofuata isijianzishe. Inasaidia kidogo. Lakini mtoto uliyemwondolea kitu bila kumpa kingine atakaa mlangoni akisubiri uisahau simu, na bando likiisha kwenye ya mama atakwenda kwenye ya baba.

Na mtu asiniambie kizazi hiki hakina subira. Kijana ninayemfundisha kazi anafuatilia One Piece, katuni ya Kijapani iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1999, ikafika sehemu ya 1,000 mwaka 2021, na ikaendelea. Anawekewa kwenye flashi mjini, usiku anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, asubuhi ananieleza nani kamsaliti nani huku mkono wake unachomelea waya. Subira anayo tele. Ila amemaliza kidato cha nne na Kiingereza cha kusoma upesi anacho. Mtoto wa darasa la kwanza hana. Hicho ndicho kiini cha barua yangu: hadithi nzuri zipo, ndefu, zimekwisha kutengenezwa, lakini kati ya hadithi hizo na mtoto wetu hakuna Shangazi.

Wakubwa wanaye. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, yenye sauti za Kiswahili mwanzo mwisho, na ilijulikana kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Tangu hapo zimekuja za Kituruki, nazo zinaongea Kiswahili kizuri tu. Kwenye vibanda vya flashi zimejaa filamu za kupigana zilizotafsiriwa na ma-DJ, tena kwa ufundi mkubwa. Kila mtu mzima asiyejua lugha ya wageni ametafutiwa wa kumwambia kinachosemwa.

Mama yangu mzazi anaishi nami. Saa ya tamthilia yake ya Kituruki ikifika hasemeshwi. Anawajua wote kwa majina, anajua nani alimdhulumu nani tangu wakiwa wadogo, na asubuhi yeye na jirani wanaendelea na kesi ile wakiwa wanachambua mchele. Mwanangu wa miaka saba anaiacha simu kwenye kochi, anasogea: "Bibi, huyu mbona analia?" Bibi anamjibu. Napenda sana wanavyokaa wawili hao, ndivyo tulivyokaa sisi. Lakini tamthilia ile ni ya ndoa na usaliti na watu kuwekeana sumu, si ya umri wake. Anaifuata kwa sababu ndiyo hadithi pekee mle ndani inayosema lugha yake na ambayo kesho itaendelea. Katuni zilizomo kwenye king'amuzi chetu, nyingi zinasema Kiingereza. Anazitazama kidogo, anaziacha.

Siwasahau Ubongo Kids. Wanatengenezwa hapa hapa kwetu, Dar es Salaam, walianza kuonekana TBC Januari 2014, wanafundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo za Kiswahili. Nikiwa najaribu TV ya mteja na wao wakawa hewani, watoto wanaotoka shule husimama mlangoni mwa kibanda changu na kuimba nao. Nawapongeza kwa moyo wote. Ila kila kipindi chao kina somo, na ndivyo walivyokusudia. Mtoto anahitaji pia hadithi isiyomfundisha kujumlisha, inayomwacha na wasiwasi mpaka kesho jioni.

Jambo jingine limenigusa zaidi. Mwanangu alinionyesha kwenye simu dinosaria mwenye shingo ndefu, rangi ya waridi, anacheza muziki. Nikamuuliza kama anajua mmoja wa wakubwa kabisa alichimbwa wapi. Hakujua. Kilima cha Tendaguru kiko mkoa huu huu wa Lindi. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, na mifupa ile ilibebwa na watu wa huku, vichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Mjusi yule amesimama Berlin hadi leo, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Nilipokuwa nikimweleza haya simu ilizimika mkononi mwake na hakuigusa. Akaanza: watoto nao walibeba? Njiani walikula nini? Usiku walilala karibu na mifupa? Hawakuogopa? Kila swali hapo lingetosha sehemu nzima ya katuni, na hajatokea wa kuichora.

Kuchora kunataka fedha na miaka, naelewa. Kutia sauti za Kiswahili kwenye katuni iliyokwisha kutengenezwa ni kazi nyepesi zaidi, na tumeona inawezekana. Sehemu 128, moja kila jioni, ni zaidi ya miezi minne. Ianze saa 1 usiku, watoto wameshatoka chuo na kuoga, iishe saa 1 na nusu, kabla ya taarifa ya habari ya saa 2. Iwe kwenye chaneli ya bure, isiyozimika kifurushi cha king'amuzi kikiisha, maana watoto ninaowasemea ndio hao wazazi wao wanalipia mwezi mmoja na kuruka miwili. Sauti zipo: Bagamoyo pale TaSUBa wanafunzi wanasomea sanaa za jukwaani, na sauti za watoto ziwe za watoto kweli. Na msiondoe palipo na msiba au kushindwa kwa kudhani mnawalinda. Bassam na baba yake aliyekufa ndiye aliyemfaa yule rafiki yangu kuliko sisi sote tuliokuwa naye.

Kwa hiyo nawauliza wakuu wa vipindi wa vituo vyetu, na naomba wanijibu katika ukurasa huu huu: kizuizi ni nini? Ni bei ya haki za kurusha? Ni studio? Au hakuna aliyewahi kwenda kuomba? Kama ni bei, itajwe hadharani. Wanunuzi wa korosho na ufuta wanakuja Lindi kila msimu na fedha zao. Wakihitajika wadhamini wa nusu saa hiyo, nitakuwa wa kwanza kuwafuata mnadani, barua mkononi.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa TV na simu,
Rahaleo, Lindi.